Blogu Isiyo na Nakala Haina Mwenyewe

Jeff Atwood ni mtunga programu wa Marekani anayefahamika kwa wenzake wa fani hiyo karibu kila nchi. Mwaka 2004 alifungua blogu aliyoiita Coding Horror, akawa anaandika humo bila kuchoka kuhusu kazi yake: makosa yanayorudiwa na mafundi, vitabu vinavyofaa kusomwa, adabu ya kuandika programu ambayo mtu mwingine ataweza kuielewa. Wasomaji wakaongezeka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2008, kwa kushirikiana na Joel Spolsky, alianzisha Stack Overflow, tovuti ambako watunga programu huulizana na kujibizana maswali ya kazi yao. Mtu wa namna hiyo hakuwa mgeni wa kompyuta. Tena mapema mwaka huohuo wa 2008 alikuwa ameandika makala nzima ya kuwahimiza wasomaji wake wajiwekee nakala za akiba za kila walichonacho, kwa kuwa kila diski ina siku yake ya kufa.

Ijumaa ya tarehe 11 Desemba 2009, seva iliyobeba blogu yake iliharibika na kila kilichokuwamo kikapotea. Kazi ya karibu miaka sita ikatoweka kwa siku moja. Kampuni iliyohifadhi tovuti hiyo ilikuwa na utaratibu wake wa kunakili seva za wateja, na Atwood aliutegemea. Ilipofika saa ya kuzihitaji nakala hizo, ikajulikana kwamba utaratibu ulikuwa ukishindwa kimyakimya. Seva ya aina aliyoitumia haikuwa ikinakiliwa, na hapakuwa na taarifa ya hitilafu iliyomfikia mtu yeyote. Atwood alikuwa pia na nakala alizojitengenezea kwa mkono wake. Hizo nazo alikuwa ameziweka ndani ya seva ileile. Ilipokufa, zikafa nayo.

Kilichomnusuru ni hisani ya watu wengine. Maandishi mengi yaliokotwa kutoka kwenye kumbukumbu za muda za injini za kutafutia, na kutoka Internet Archive, taasisi ya San Francisco iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 ili kuhifadhi kurasa za intaneti kwa ajili ya vizazi vijavyo. Picha hazikupatikana huko. Kwa bahati, msomaji mmoja, mwanafunzi nchini Italia, alikuwa amejinakilia karibu blogu nzima kwenye kompyuta yake pamoja na picha zake. Kwa njia hiyo sehemu kubwa ikarudi. Siku chache baada ya msiba huo Atwood aliwaandikia wasomaji wake, akakiri kwamba lawama ilikuwa yake mwenyewe, kwa kuwa kazi ilikuwa yake na ulinzi wake ulimhusu yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kisa hiki ninawasimulia wanablogu wetu kwa sababu kinatuvua udhuru. Aliyepatwa hakuwa mtu asiyejua. Alijua, alifundisha wengine, na alikuwa na nakala. Bado alipoteza. Ni wazi basi kwamba kujua peke yake hakumlindi mtu, na hata kuwa na nakala hakutoshi ikiwa hujui iko wapi, nani anaitunza, na kama kweli inaweza kufunguliwa. Tukichambua alichokosea tutakuta mambo matatu, na kila moja limewaangamiza wengine ambao hawakupata bahati ya msomaji mwenye nakala.

La kwanza ni kudhani kwamba anayekuhifadhia ndiye anayekulinda. JournalSpace ilikuwa huduma ya Marekani iliyowapa watu mahali pa kuandikia blogu zao tangu mwaka 2002. Mwishoni mwa Desemba 2008 hifadhidata yake, iliyobeba maandishi ya watumiaji wote, iliandikiwa data nyingine juu yake hadi ikafutika kabisa. Wamiliki walikuwa wametegemea diski mbili zilizounganishwa kwa namna ambayo kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Mpango huo unafaa pale diski moja inapoharibika, maana nyingine huendelea na kazi. Lakini amri ya kufuta nayo ni amri. Diski ya kwanza ikiitii, ya pili huitii sekunde ileile. Diski hizo zilipelekwa kwa wataalamu wa kuokoa data, nao wakarudisha jibu kwamba hakuna cha kuokoa. Mwanzoni mwa Januari 2009 waandishi waliokuwa wameweka humo miaka sita ya maisha yao wakaambiwa kwamba hakuna kilichobaki.

Kosa hilohilo tunalirudia leo bila kujua. Mtu anaunganisha picha za simu yake na hifadhi ya mtandaoni, kisha anajisemea moyoni kwamba sasa ana nakala mbili. Anapozifuta kwenye programu hiyo ili apate nafasi, zinafutika kote kuwili, simuni na mtandaoni, baada ya kukaa kwa muda kwenye pipa la taka. Vitu viwili vinavyofuatana kila hatua vitaanguka katika shimo moja. Nakala ya akiba ni ile iliyotulia mahali pake, ambayo kosa la leo haliifikii.

La pili ni kuweka nakala mahali palepale palipo na kazi yenyewe. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto ulizuka katika kituo cha seva cha kampuni ya Ufaransa ya OVH, mjini Strasbourg. Jengo moja la ghorofa tano liliteketea lote, na sehemu ya jengo la jirani ikaharibika. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini tovuti zilizozimika zilihesabiwa kwa mamilioni. Waliokuwa na nakala katika mji mwingine walirejea hewani baada ya siku chache. Wengine waligundua asubuhi hiyo kwamba nakala zao zilikuwa ndani ya jengo lilelile lililoungua. Walikuwa wametimiza sharti la kunakili, wakasahau sharti la kutenganisha.

La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kutoijaribu nakala. Atwood hakuwahi kurudisha blogu yake kutoka kwenye nakala ya kampuni ili aone kama inafanya kazi. Angejaribu mara moja tu, angegundua kwamba nakala hiyo haipo. Faili inaweza kukaa miaka kwenye flashi ikiwa na jina zuri na tarehe, na ndani yake mkawa hamna kitu. Faili nyingine inafunguka, lakini ina nusu ya makala kwa sababu umeme au bando lilikatika wakati wa kupakua. Majaribio ndiyo yanayotofautisha nakala na matumaini.

Hayo ni maafa ya mitambo. Yapo mengine yanayotokana na maamuzi ya watu, nayo yamefuta maandishi mengi kuliko moto wowote. GeoCities ilianza katikati ya miaka ya 1990 huko Marekani, ikawapa watu wa kawaida nafasi ya bure ya kujitengenezea kurasa zao. Yahoo iliinunua mwaka 1999 kwa mabilioni ya dola. Miaka kumi baadaye, faida ilipokosekana, Yahoo ilitangaza kwamba itaifunga, na tarehe 26 Oktoba 2009 ikaifunga. Mamilioni ya kurasa yakaondoka. Kundi la watu wanaojitolea, Archive Team, lilikesha likinakili kile lilichoweza, ndiyo maana sehemu ya kazi hiyo ingalipo hadi leo. Huduma ya blogu ya Vox ilifungwa Septemba 2010. Windows Live Spaces ya Microsoft, iliyokuwa na watumiaji wapatao milioni 30, ilifungwa Machi 2011 baada ya wenye blogu kupewa njia ya kuhamia WordPress.com. Posterous ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012, na ilipofika tarehe 30 Aprili 2013 ilikuwa imefungwa.

Mwenye blogu ya bure ni mpangaji asiyelipa kodi. Anakaa kwa hisani, na siku mwenye nyumba akitaka kubomoa, mpangaji hupewa notisi tu. Notisi zilitolewa: kwa GeoCities ilikuwa miezi, na kwa Windows Live Spaces vivyo hivyo. Lakini notisi hutumwa kwa barua pepe, na mtu aliyeifungua blogu yake akiwa chuoni kwa anwani ambayo siku hizi hata haikumbuki, ataisoma wapi? Waliopoteza kazi zao katika kufungwa huko, wengi wao hawakunyimwa muda. Walikosa habari.

Tusidhani pia kwamba aliyejenga kwake amepona. Ukiwa na programu ya WordPress kwenye seva unayoilipia, umejitwisha kazi ya kuitunza. Tarehe 26 Januari 2017 WordPress ilitoa toleo la 4.7.2, na siku chache baadaye, tarehe 1 Februari, wahusika wakaeleza hadharani kwamba toleo hilo liliziba tundu kubwa lililokuwa katika matoleo ya 4.7 na 4.7.1, ambalo lilimwezesha mtu yeyote kubadilisha makala za tovuti bila kuwa na nenosiri. Walichelewesha tangazo makusudi ili watu wapate muda wa kusasisha. Tovuti nyingi zilijisasisha zenyewe. Zile ambazo wenyewe walikuwa wamezima usasishaji, au hawakuzitazama, zilivamiwa. Katika muda wa wiki mbili hivi kurasa zaidi ya milioni 1.5 zilikuwa zimechafuliwa na wahuni walioandika majina yao juu ya kazi za wengine. Dawa ilikuwa imetolewa bure kabla ya ugonjwa kuenea. Walioumia ni wale ambao hawakuingia kwenye blogu zao.

Halafu kuna jina la tovuti, yaani kikoa. Hili hulipiwa kila mwaka, iwe ni .com, .co.tz au .co.ke, na wengi huwa wanasahau kwamba kulilipia ni kama kulikodi tu. Tarehe 24 Desemba 1999 Microsoft yenyewe, kampuni tajiri kupita kiasi, ilisahau kulipia passport.com, kikoa kilichotumika kuwaingiza watu kwenye barua pepe za Hotmail. Watu wakashindwa kufungua barua zao mkesha wa Krismasi. Mtunga programu mmoja wa Tennessee aliligundua tatizo, akatoa dola 35 zake mfukoni kulipia kikoa hicho, na huduma ikarudi. Microsoft ilimpata mwungwana. Mwanablogu wa kawaida akisahau, kwa kikoa cha .com hupewa muda wa nyongeza usiozidi siku 45, kisha siku 30 za kukikomboa kwa bei kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo jina liko sokoni, na wapo wanaokesha wakiyavizia majina kama hayo, hasa yenye wasomaji. Jina lako litaendelea kuwepo, ila chini yake patakuwa na matangazo ya kamari.

Sasa tuje kwetu. Blogu za Kiswahili zilianza kushika kasi mwaka 2004 na 2005. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa waanzilishi, akiandika Jikomboe na kuwavuta wengine waingie. Septemba 2005, akiwa Helsinki nchini Finland, mpigapicha za habari Muhidin Issa Michuzi alianza blogu yake kwa msaada wa Macha, nayo ikawa mahali ambapo Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni walitazama picha za harusi, misiba, mikutano na mechi. Baada yao wakaja walimu, wauguzi, washairi, wapishi, wanafunzi wa vyuo, wachungaji na masheikh. Wengi walijenga kwenye Blogspot ya Google, kwa kuwa haikudai pesa wala ufundi.

Tazama kilichoandikwa humo. Kuna mtu aliyeeleza jinsi ngalawa zinavyochongwa kijijini kwao, hatua kwa hatua, kutoka kwa mzee ambaye sasa hayupo. Kuna aliyeandika majina ya mitaa ya zamani ya mji wake na sababu ya kila jina. Kuna mama aliyeandika namna ya kupika vyakula ambavyo vitabu vya mapishi havijavitaja. Mambo haya hayakuchapishwa gazetini wala kitabuni. Nakala yake ya pekee ilikuwa kwenye blogu ya mtu mmoja, kwa lugha ambayo maandishi yake kwenye intaneti ni machache mno ukilinganisha na idadi ya wasemaji wake. Blogu ya Kiingereza kuhusu mapishi ikifutika, zipo nyingine maelfu. Ya Kiswahili kuhusu chakula cha kisiwa kimoja ikifutika, pengine hakuna ya pili. Ukifuata leo viungo vilivyoko kwenye blogu za miaka ile, vingi vinakupeleka mahali patupu. Hasara hiyo ni yetu sote, na inaniuma.

Sababu za kupotea kwa kazi zetu zina sura zake. Mtu aliiunganisha akaunti yake na namba ya simu, kisha akabadilisha laini. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake hupewa mteja mwingine. Namba ya siri ya kuingilia inapotumwa, inamfikia mgeni. Mwingine alifungua akaunti kwenye mkahawa wa intaneti miaka kumi na tano iliyopita, nenosiri likabaki kwenye daftari lililopotea. Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, na utekelezaji ukaanza Desemba mwaka huo. Blogu ya Blogspot inafunguliwa kwa akaunti hiyohiyo. Ukiipoteza akaunti, umepoteza ufunguo.

Sheria nazo hubadilika. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwanablogu awe na leseni, ambayo gharama zake kwa mwaka wa kwanza zilifika takriban shilingi milioni 2.1 ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka. Kanuni hizo zimekuwa zikirekebishwa tangu hapo, lakini wakati ule baadhi ya wanablogu walitangaza kwamba wanafunga, kwa kuwa fedha hiyo hawakuwa nayo. Mtu analazimika kunyamaza kwa sababu nyingi: sheria, ugonjwa, ajira mpya, ukata. Mwenye nakala akinyamaza, kazi yake inamngoja. Asiye na nakala akinyamaza, kazi yake inanyamaza naye moja kwa moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tulifungue daftari. Nitaeleza kazi yenyewe, maana si ngumu na haihitaji fundi.

Kama unatumia Blogspot, ingia kwenye mipangilio ya blogu, tafuta sehemu ya kusimamia blogu, uchague kuhifadhi maudhui. Utapewa faili moja la XML lenye makala na kurasa zako zote. Kama unatumia WordPress, nenda kwenye zana, kisha uchague kuhamisha nje. Nako utapata faili la aina hiyo. Maandishi hayana uzito. Makala elfu moja za kawaida hazizidi megabaiti chache, bando dogo kabisa linatosha. Lakini angalia kwa makini: ndani ya mafaili hayo picha hazimo. Mna viungo tu vinavyoelekeza kule picha ziliko. Huduma ikifungwa, viungo hivyo vitaelekeza pasipo na kitu. Picha zinakiliwe peke yake. Kwa Blogspot, huduma ya Google ya kupakua data ya akaunti itakusaidia, na picha halisi ulizopiga usizifute kwenye kompyuta kwa sababu tu umekwisha kuzipandisha. Kwa WordPress iliyo kwenye seva unayoilipia, nakala kamili ina sehemu mbili: hifadhidata, ambamo mna maandishi, na kabrasha la wp-content, ambamo mna picha, mapambo na programu za nyongeza. Ukichukua moja ukaacha nyingine, umechukua nusu.

Ukishapakua, fuata kanuni iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na mojawapo iwe mbali na ulipo. Kwa mwanablogu wetu maana yake ni hii. Ya kwanza ni blogu yenyewe. Ya pili iwe kwenye diski ya nje nyumbani, au flashi usiyoitumia kwa kazi nyingine; flashi ya kuzungushwa kwenye kompyuta za watu huleta virusi na hupotea. Ya tatu iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni tofauti na ile inayobeba blogu, au kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Ukiwa Mombasa, ya kwako ikae Mombasa na nyingine kwa dada yako Nakuru. Moto, mwizi na mafuriko havitafika kote kwa siku moja.

Kisha ijaribu. Fungua blogu mpya ya siri isiyoonekana na watu, uingize humo faili ulilopakua. Makala zikitokea zote, na herufi hazikuvurugika, una nakala. Zisipotokea, umejua leo, wakati blogu halisi bado ipo. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na kila mara kabla ya kubadilisha mapambo, kuhamia huduma nyingine au kuongeza programu ya nyongeza, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika zaidi.

Linda funguo. Barua pepe inayofungua blogu iwe ile unayoisoma kila siku. Ukibadilisha laini, siku hiyohiyo badilisha namba kwenye akaunti. Nenosiri la blogu lisifanane na la kitu kingine chochote, na liandikwe mahali salama nyumbani. Kikoa kisajiliwe kwa jina lako mwenyewe, na barua za kukumbusha malipo zije kwako. Wapo waliotengenezewa tovuti na kijana wa mtaani, kikoa kikasajiliwa kwa jina lake, na siku walipokosana naye wakajikuta nje. Ukiweza, lipia miaka miwili au mitatu kwa pamoja. Programu zisasishwe zinapotaka kusasishwa, na zile za nyongeza usizozitumia ziondolewe.

Washirikishe na walimwengu. Internet Archive inamruhusu mtu yeyote kuwasilisha anwani ya ukurasa ili uhifadhiwe, bila malipo. Kila unapomaliza makala uliyoitolea jasho, iwasilishe. Zile bora kabisa, chapisha kwenye karatasi katika duka la steshenari, uziweke kwenye faili ndani ya kabati. Karatasi haihitaji nenosiri.

Mwisho, fikiria mrithi. Wanablogu nao hufa, na mara nyingi familia haina habari kwamba marehemu aliacha kazi kubwa mtandaoni. Tangu mwaka 2013 Google imekuwa na utaratibu wa kumteua mtu atakayepewa data yako iwapo akaunti itakaa muda mrefu bila kutumika. Uweke. Au mwambie mtoto, mke, mume au rafiki mahali diski ilipo na kilichomo. Dakika kumi za mazungumzo zinaweza kuokoa kazi ya miaka ishirini.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji utajiri. Linalohitajika ni kukubali kwamba kampuni haikuandika makala zako, haizijui, na haitazililia. Aliyeziandika ndiye mwenye wajibu wa kuzitunza. Atwood alirudishiwa kazi yake na mwanafunzi asiyemjua. Waandishi wa JournalSpace hawakupata mtu wa namna hiyo, na wengi wetu hatutampata.

Basi ndugu mwanablogu, kabla hujaandika makala yako ijayo, pakua zote ulizokwisha kuandika, zifungue kwenye kompyuta nyingine, uhakikishe zinasomeka. Fanya hivyo leo.